Kutoka Dar hadi Kwenye Majabali: Mwongozo Kamili wa Kumwona Mbuzi Mawe

Wakazi wengi wa Dar es Salaam waliowahi kuingia hifadhini walifika Mikumi. Walizunguka uwanda wa Mkata kutwa, wakaona twiga, pundamilia, tembo na pengine simba, jioni wakageuza kurudi mjini. Ni safari nzuri, na ndiyo iliyo karibu. Lakini uwanda wa nyasi si makazi ya mbuzi mawe. Mtu anaweza kutembelea hifadhi miaka nenda miaka rudi asimwone hata mara moja, wala si kwa sababu mnyama huyu ni adimu. Ni kwamba gari halikusimama pale anapokaa.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Dar mwenye likizo ya siku nne au tano na bajeti ya kawaida, anayetaka kumwona mbuzi mawe porini akiwa ametulia. Nina msimamo mmoja ambao utaukuta katika kila hatua: safari ya kumtafuta mnyama huyu hupangwa kwa kufuata mawe. Hifadhi utakayochagua, saa utakayotoka kambini, maelekezo utakayompa dereva, vyote vifuate mawe. Ukipanga safari ya kuona wanyama kwa jumla, ukitumaini mbuzi mawe atajitokeza njiani, kuna uwezekano mkubwa utarudi mikono mitupu.

Hatua ya 1: Mjue kabla hujaondoka mjini

Mbuzi mawe hana udugu wa karibu na mbuzi wa zizini. Ni swala mdogo, mwenye kimo cha sentimita 43 hadi 60 begani na uzito wa kilo 8 hadi 18. Majike huwa wazito kidogo kuliko madume. Rangi yake ni mchanganyiko wa kijivu, manjano na hudhurungi, tumboni weupe, na mchanganyiko huo ndio unaomfanya apotee kabisa mbele ya jabali. Masikio ni makubwa ya duara, mkia ni mfupi sana, na pembe ni fupi zilizonyooka wima bila kujipinda.

Cha kwanza kukariri ni namna anavyosimama. Mbuzi mawe hukanyaga kwa ncha za kwato zake, kama mtu anayechuchumia kuchungulia juu ya ukuta. Kwato zenyewe ni za mviringo, na ncha zake husuguliwa na mawe kila siku hadi zikawa butu na imara. Kwa hiyo anaweza kusimama na miguu yote minne ikiwa imekusanyika juu ya kijiwe kidogo, kisha akaruka hadi kijiwe kingine bila kuteleza. Ukimwona akiwa amesimama juu ya jiwe, mgongo umepinda kidogo na miguu imekaribiana, hutahitaji kuangalia kitabu. Hakuna swala mwingine wa Tanzania anayesimama hivyo.

Cha pili ni manyoya yake. Kila unywele ni mgumu, una uwazi ndani, na hunyonyoka kirahisi. Manyoya hayo mazito humkinga na jua la mchana linalochoma mawe, humkinga na baridi ya usiku, na hupunguza makali ya kugongana na jiwe. Chui akimkosa kidogo tu, hubaki na manyoya mdomoni. Zamani huko Afrika Kusini watu waliyatumia kujazia matandiko ya farasi, na wanyama wengi waliuawa kwa sababu hiyo.

Cha tatu, na hiki ndicho kitakachokusaidia zaidi ukiwa kwenye gari: mbuzi mawe huishi wawili wawili. Dume na jike wakishaungana hukaa pamoja kwenye eneo lao, na mara nyingi hutenganishwa na mita chache tu. Mmoja akila, mwenzake husimama juu ya jiwe na kulinda. Katika miaka ya 1970 Robin Dunbar na Patsy Dunbar waliwachunguza wanyama hawa kwenye milima ya Simien, Ethiopia, na kazi yao ni miongoni mwa zilizoonyesha jinsi uhusiano huo wa wawili ulivyo wa karibu. Mara nyingi utaona watatu, mtoto akiwa bado na wazazi wake.

Cha nne ni chakula. Yeye ni mla majani ya vichaka, machipukizi, maua na matunda, na nyasi huzila kidogo tu. Maji mengi anayohitaji huyapata ndani ya majani hayo, hivyo anaweza kuishi kwenye kilima kikavu kisicho na kijito. Ndiyo maana kumvizia kwenye kisima au mtoni, kama tunavyofanya kwa tembo na nyati, hakusaidii.

Kuna wanyama watatu ambao mgeni huwachanganya naye. Digidigi ni mdogo zaidi, kilo 3 hadi 7, ana pua ndefu laini inayochezacheza na shungi la nywele kichwani, na hukaa kwenye vichaka vya chini. Nsya hukaa vichakani pia, na akishtuka hutimka akiwa ameinamisha kichwa. Pimbi ndiye anayekaa mawe yale yale na mbuzi mawe, lakini hana pembe wala mkia, ana miguu mifupi, na huonekana kama sungura mnene asiye na masikio marefu. Usimdharau pimbi. Ukiona jabali lenye pimbi wengi, umefika kwenye aina ya mawe unayoyatafuta.

Hatua ya 2: Chagua hifadhi kwa kuangalia mawe

Mbuzi mawe ameenea sana barani, kutoka Eritrea na Ethiopia hadi Namibia na Afrika Kusini, na hata kwenye uwanda wa juu wa Jos, Nigeria. Kwenye Mlima Kilimanjaro amewahi kurekodiwa hadi mita 4,500. Hata hivyo ndani ya eneo hilo kubwa huishi kwenye visiwa vya mawe tu, na kati ya kilima na kilima kunaweza kuwa na kilomita nyingi zisizo na hata mmoja.

Kwa Tanzania, majabali ya Lobo kaskazini mwa Serengeti yanajulikana sana kwa wanyama hawa, kiasi kwamba kambi moja ya watalii huko ilipewa jina la Mbuzi Mawe. Ziwa Manyara na Tarangire nako wapo. Tatizo kwa mtu wa Dar ni umbali na gharama. Kufika Lobo kwa barabara ni safari ya siku mbili, na ukitokea Arusha utapita Ngorongoro ambako kuna ada nyingine za kulipa.

Mimi nakuelekeza Ruaha. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha iko Iringa na Mbeya, na ni miongoni mwa hifadhi kubwa kabisa nchini. Ni nchi kavu ya mibuyu, mito ya mchanga na vilima vya matale (miamba ya granite), mahali ambapo misitu ya miombo ya kusini inakutana na vichaka vikavu vya Afrika Mashariki. Kwa sababu ya kukutana huko, Ruaha ina tandala wakubwa na wadogo, korongo na palahala ndani ya hifadhi moja, pamoja na digidigi kila upande. Vilima vyenye mawe viko karibu na barabara za ndani, hasa upande wa mto Mwagusi na mlima Kimiramatonge, si mbali na makao makuu ya Msembe.

Kama nia yako ni digidigi zaidi kuliko mbuzi mawe, fikiria pia Mkomazi, upande wa Same. Huko utapata nafasi ya kumwona swala twiga, ambaye Ruaha hayupo.

Hatua ya 3: Panga majira

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Vichaka vinakuwa vimepukutika, mawe yanaonekana, na barabara za ndani zinapitika. Kuanzia Novemba au Desemba mvua zikinyesha, majani hufunika vilima na mnyama mwenye rangi ya jiwe hufichwa na kijani hicho, haonekani wazi hata akiwa mita thelathini.

Septemba na Oktoba ni miezi bora zaidi kwa kuona, ila joto huwa kali na ndorobo (mbung'o) ni wengi. Juni na Julai ni baridi asubuhi. Mtu aliyezoea joto la Temeke au Sinza huidharau baridi ya Iringa, kisha anatetemeka kwenye gari lililo wazi saa 12 asubuhi na kuomba warudi kambini mapema. Saa hiyo hiyo ndiyo ya mbuzi mawe. Beba koti.

Hatua ya 4: Toka Dar

Njia iliyozoeleka ni basi la Iringa kutoka Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis. Ni kama kilomita 500 kupitia Chalinze, Morogoro na Mikumi. Chukua basi la alfajiri ili ufike mchana. Kaa dirishani, kwa sababu barabara kuu inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na baada ya hapo, ukishapita bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni, basi linaanza kupanda Kitonga. Tazama kuta za miamba kwenye kona zile. Utaanza kuelewa aina ya nchi unayoiendea.

Njia ya pili ni treni ya SGR hadi Dodoma, kisha basi au gari dogo kutoka Dodoma hadi Iringa kwa barabara ya lami inayopita Mtera, kama kilomita 260. Inachosha kidogo zaidi kwa kubadilisha usafiri, lakini ina faida zake: unapita nchi kavu ya Ugogo, na kuzunguka Dodoma yenyewe kuna vilima vya matale vya kuzoeza macho.

Ukienda na gari lako, hakikisha ni la kuhimili barabara mbaya, na fika Iringa kabla ya giza. Ndani ya Mikumi fuata alama za mwendo, kwani kuna faini kwa anayegonga mnyama, tena kila mnyama na kiwango chake. Wenye fedha wanaweza kupanda ndege ndogo kutoka Dar hadi uwanja wa Msembe. Ni haraka sana, na ni ghali sana.

Lala Iringa usiku wa kwanza. Basi litakushusha stendi ya Igumbilo, nje kidogo ya mji, na kutoka hapo utachukua bajaji au daladala. Tumia jioni hiyo kukutana na dereva atakayekupeleka hifadhini, ana kwa ana, kabla hujamlipa fedha yoyote ya maana.

Hatua ya 5: Gari, malipo na dereva

Kutoka Iringa hadi Msembe ni kama kilomita 130, kupitia vijiji vya Idodi na Tungamalenga. Utavuka Ruaha Mkuu kwenye daraja la Ibuguziwa, ambapo viboko na mamba huonekana kutoka barabarani. Kodi Land Cruiser au gari lingine la juu lenye nguvu ya magurudumu yote. Mkiwa watano au sita mkachangia, gharama kwa kichwa inashuka sana, na kwa kazi hii macho mengi ni faida.

Ada za hifadhi hulipwa kwa shilingi kwa Watanzania, na ni ndogo sana ukilinganisha na za wageni. Viwango hubadilika, kwa hiyo viangalie kwenye tovuti ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) wiki ya safari. Fedha taslimu hazipokelewi getini. Utapewa kontroo namba ulipie kwa simu au benki, basi hakikisha simu ina salio na chaji, kwa sababu mtandao hukatika ukiacha vijiji. Beba kitambulisho cha NIDA. Uliza pia kibali chako kinaisha saa ngapi, ili usije ukatozwa siku ya ziada wakati wa kutoka. Ukipita Sabasaba mwezi wa Julai, ingia banda la TANAPA pale Barabara ya Kilwa, uulize maswali haya yote uso kwa uso.

Malazi yako ya aina mbili. Tungamalenga, nje ya hifadhi, kuna nyumba za wageni na kambi za bei nafuu. Msembe, ndani ya hifadhi, TANAPA wana vibanda vya kulala. Nashauri Msembe hata kama utalipa zaidi kidogo. Anayelala Tungamalenga hutumia saa nzima ya kwanza ya mwanga akiwa barabarani na getini, wakati aliyelala Msembe ameshafika kwenye majabali.

Sasa dereva. Madereva wengi wamezoea wageni wanaotaka simba, na wakisikia kwenye simu kwamba simba ameonekana mahali fulani, watakimbilia huko wakiamini wanakufurahisha. Zungumza naye mapema na kwa heshima: "Kaka, sisi tunamtafuta mbuzi mawe. Simba tukimkuta njiani tutashukuru, ila tunaomba utusimamishe kwenye vilima vya mawe, uzime gari, tukae nusu saa kila kilima." Rudia maneno "uzime gari". Kama hafahamu mlima wowote wenye mbuzi mawe, muulize askari wa uhifadhi pale Msembe. Anajua kilima kipi kina jozi, na kwa kuwa jozi haihami eneo lake ovyo, taarifa ya mwezi uliopita bado ina thamani.

Hatua ya 6: Darubini, na mazoezi ya ufukweni

Darubini yenye alama ya 8x42 ndiyo ninayoipendekeza. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Darubini za ukuzaji mkubwa zinazotangazwa kwa sifa nyingi hutetemeka mkononi na zina picha yenye giza, na alfajiri ndipo unapohitaji mwanga. Ukinunua Kariakoo, toka nje ya duka, ielekeze kwenye maandishi ya bango la mbali, kisha angalia kama jicho la kushoto na la kulia yanaona picha moja. Ukiona mbili, rudisha.

Kisha fanya mazoezi hapa hapa mjini. Maji yakikupwa, nenda kwenye miamba ya matumbawe ya Coco Beach. Ndege wadogo wa pwani huja kula kwenye miamba hiyo, na wengi wana rangi ya kijivu na kahawia, sawa kabisa na mwamba wenyewe. Simama mahali pamoja, gawa mwamba vipande kwa macho, ukague kipande kimoja baada ya kingine kutoka kushoto kwenda kulia. Utagundua kwamba mara ya kwanza huoni chochote, mara ya pili unaona ndege mmoja, mara ya tatu wanne ambao walikuwepo muda wote. Ustadi huo ndio utakaoupeleka Ruaha. Anayefika Ruaha bila kuzoea darubini hupoteza asubuhi ya kwanza akizungusha kioo.

Vitu vingine: nguo za khaki au kijani kibichi kilichofifia, kwa sababu bluu iliyokolea na nyeusi huwavuta ndorobo, kofia, maji ya kutosha, dawa ya mbu na kinga ya malaria, tochi, chakula kikavu kama chapati, korosho na ndizi. Fungashia kwenye vyombo au mifuko ya kitambaa, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Nyani wa Msembe ni wezi hodari, funga vioo vya gari.

Hatua ya 7: Kwenye jabali

Toka kambini mara tu inaporuhusiwa. Mbuzi mawe hula zaidi asubuhi na jioni, na baada ya usiku wa baridi hupenda kutoka kuota jua kwenye mawe yanayotazama mashariki. Kwa hiyo asubuhi pangeni kufika upande wa mashariki wa kilima, jua likiwa mgongoni kwenu. Linawaka juu ya mawe na juu ya mnyama. Jioni, kuanzia saa 10, geuzeni, mwende upande wa magharibi.

Simameni mbali kidogo, mita 60 hadi 100 hivi, mahali ambapo kilima kizima kinaonekana. Zimeni gari. Msifungue milango. Dakika tano za kwanza msitafute chochote, acheni mawe yatulie. Mnyama aliyesikia gari likija amesimama tuli, na ataanza kusogea akiona hakuna hatari.

Anzeni na mstari wa juu, pale jabali linapokutana na anga. Mlinzi wa jozi hupenda kusimama juu, na masikio yake ya duara huonekana dhidi ya anga hata kama mwili wote umefichwa. Yakagueni mawe ya juu yote kabla hamjashuka. Halafu fuateni vichaka vinavyoota kwenye nyufa, kwa sababu ndiko chakula kiliko. Mwisho angalieni vivuli, chini ya mawe yaliyoning'inia. Jua likipanda, kuanzia saa 4 asubuhi, mbuzi mawe huingia kivulini na kulala, na saa hizo mtaona sikio likipepea tu, au jicho.

Zipo dalili za kuwaambia kwamba mko mahali sahihi hata kabla hamjamwona mwenyewe. Moja ni mafungu ya kinyesi. Jozi hutumia sehemu zile zile kwenye mipaka ya eneo lao, hivyo vidonge vidogo hukusanyika vikawa lundo kwenye jiwe bapa. Nyingine ni doa jeusi kwenye ncha ya kijiti. Chini ya kila jicho mbuzi mawe ana tezi, na huingiza ncha ya kijiti kikavu ndani yake kwa uangalifu mkubwa, akaiacha na tone jeusi linalonata. Ni alama ya kuwaambia wengine kwamba kilima kina wenyewe. Huko Afrika Kusini watafiti waligundua kupe wa aina ya *Ixodes neitzi* ambao huvifuata vijiti vyenye alama hizo na kusubiri hapo, maana mnyama atarudi. Kwenye gari hamtaona tone lenyewe kwa macho matupu, ila kwa darubini, kama kijiti kiko karibu na barabara, linaonekana liking'aa.

Dalili ya tatu ni sauti. Akishtuka, mbuzi mawe hupiga mluzi mkali, mfupi, na mara nyingi mwenzake hujibu papo hapo, wakapokezana. Mkisikia mluzi huo, msiwashe gari. Mara nyingi haukuwa kwa ajili yenu. Chui, tai au nyani anaweza kuwa upande wa pili wa kilima, na wale wawili watabaki juu wakimtazama adui huku wakipiga mluzi, wakimjulisha kwamba ameshaonekana. Nimeona watu wakikosa tukio zuri kabisa la safari kwa sababu dereva alisogeza gari mita ishirini kwenda "kuona vizuri".

Mkimpata mmoja, hesabuni amepatikana nusu. Tafuteni wa pili ndani ya mita kumi za yule wa kwanza, chini au kando yake. Kisha angalieni kama kuna mtoto. Msiseme huyu ni dume kwa sababu ana pembe. Sehemu nyingi za Afrika ni madume tu wenye pembe, lakini Afrika Mashariki, hasa kaskazini mwa Tanzania, majike wengi nao wanazo. Andikeni mlichokiona kama kilivyo: wawili, mmoja ana pembe, au wote wana pembe.

Baada ya hapo, kaeni. Hii ndiyo sehemu ninayoisisitiza kuliko zote. Wengi wakishapiga picha mbili humwambia dereva aondoke. Mkikaa saa moja na jozi moja mtaona wakibadilishana zamu ya ulinzi, mtaona namna anavyopanda ukuta wa jiwe kwa miruko mifupi bila kukimbia, mtaona jike akila na dume akimfuata hatua kwa hatua. Jioni kilima kile kile kinaweza kuwapa mengi kuliko vilima vitano vya kupita haraka, basi rudini.

Kwa picha, simu ya kawaida inatosha kama mtaibana kwenye jicho moja la darubini na kuegemeza mkono dirishani. Andika tarehe, saa, jina la kilima au umbali kutoka Msembe. Ukiipandisha kwenye iNaturalist, tovuti ambako watu huweka kumbukumbu za viumbe walivyoviona, itabaki kuwa kumbukumbu yenye faida kwa wengine.

Asubuhi ya kwanza ikipita bila kitu, usihamie mbali. Badilisha upande wa kilima. Mchana, wakati mawe yamekufa kwa joto, tumia muda huo kwa digidigi, ambao hupumzika kwenye vivuli vya vichaka kando ya barabara. Nao ni jozi, nao huweka alama kwa tezi za chini ya jicho, nao wanaweza kuishi bila kunywa. Kutazama pua ya digidigi ikifanya kazi wakati wa joto kunapendeza: damu inayopita puani hupoozwa na pumzi, na hivyo mnyama hupunguza joto la mwili huku akitunza maji.

Hatua ya 8: Mipaka

Usishuke kwenye gari nje ya sehemu zilizoruhusiwa, hata kama kilima kinaonekana kitupu. Majabali hayo ni makazi ya chui na nyoka pia. Usipige honi wala mluzi kumfanya mnyama ageuke. Ndege zisizo na rubani haziruhusiwi bila kibali.

Mtoto wa mbuzi mawe hufichwa kati ya mawe kwa wiki nyingi baada ya kuzaliwa, na mama humwendea kwa nyakati maalumu kumnyonyesha. Anayeishi karibu na vilima, au anayetembea nje ya hifadhi, anaweza kumkuta peke yake akadhani ameachwa. Hajaachwa. Mwache hapo hapo, ondoka kimya, kwa sababu harufu na kelele zako zinaweza kumwonyesha fisi au mbweha njia.

Ukiwa njiani unaweza kuuziwa nyama kavu inayosemekana ni ya swala. Kataa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda na kumiliki nyara bila kibali, na nyamapori halali huuzwa kwenye mabucha yenye leseni peke yake. Mbuzi mawe kidunia hayuko hatarini kutoweka kwa sasa, na mawe yake yamemkinga kwa sababu hayalimiki. Lakini nyaya za mitego hazichagui, na jozi ikipoteza mmoja, kilima kidogo kilichojitenga kinaweza kukaa muda mrefu kabla ya kupata mwingine.

Hatua ya 9: Kurudi

Siku ya mwisho tumieni asubuhi kwenye kilima, mtoke hifadhini kabla ya kibali kuisha, mlale tena Iringa. Tiketi ya basi la kurudi Dar ikatwe siku mliyofika, hasa Ijumaa, Jumapili na nyakati za kufunga shule, kwani mabasi ya asubuhi hujaa. Wenye gari binafsi washuke Kitonga mchana, kwa gia ndogo, na wasijaribu kuyapita malori kwenye kona.